Njumu Yangu

Haupiti mwezi bila mtu kubisha hodi nyumbani kwetu akiuliza kama tuna namba arobaini na mbili. Ukutani, kando ya mlango wa chuma, kaka yangu amepachika kibao cheusi chenye herufi nyeupe: NJUMU. Chini yake, kwa herufi ndogo ambazo hakuna anayejisumbua kuzisoma, kimeandikwa "Tunatia njumu kwenye mbao." Basi wanakuja. Wengine wameshakivua kiatu, wamekishika mkononi, meno ya chini yameng'oka, wanataka wawekewe mapya. Juzi alikuja kocha mzima na gunia la viatu vya timu nzima. Mama akachungulia ndani ya gunia, akamwambia, "Baba, hapa umepotea. Huyu wa kwetu anavisha mbao, miguuni hajafika."

Nilimwambia kaka abadilishe maneno. Aandike "Mapambo ya Mbao", watu waelewe, yaishe. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, huu mwaka wa ishirini na mbili, na nalipwa ili watu waelewane. Akanitazama tu. Ana namna ya kukutazama mpaka unajuta kufungua mdomo. "Liache hivyo hivyo," akasema. "Asiyejua aje aulize." Kwa nini aling'ang'ania neno hilo ndiyo habari yenyewe, na haichekeshi kama kocha na gunia lake.

Mtaani wanamwita Tona. Ni fundi wa mashine za fotokopi na printa, na ule unga mweusi wa wino, tona, umemwingia kwenye mistari ya viganja mpaka sabuni imenyoosha mikono. Ana miaka hamsini na moja, amenizidi mitano. Aliwahi kuoa, wakaachana bila kurushiana masufuria, akarudi kuishi na Mama kwenye nyumba tuliyokulia. Mimi nakaa mitaa miwili mbele na familia yangu, lakini hapo nyumbani nafika karibu kila siku, kwa kisingizio cha kumwona Mama na kwa nia ya kupekua. Kaka ni mpole. Ni mpole wa kukera. Ukimtukana anasubiri umalize, kisha anakuuliza kama umekula.

Printa zilipokuwa zinamfia mikononi, hakuzitupa. Alizipasua akachukua mota, mikanda na vyuma vya kutelezea, akavihifadhi kwenye makopo ya maziwa. Vilivyopungua akavinunua. Akafuata maelekezo ya video kwenye simu, akakosea, akabomoa, akaanza upya, na miaka mitatu iliyopita akawa na mashine yake ya kuchonga mbao inayopokea amri kutoka kwenye kompyuta. Ukiitazama ni meza ndogo iliyopandishiwa daraja. Daraja linakwenda mbele na nyuma, mota iliyo juu yake inakwenda kushoto na kulia, na chini ya mota kuna kisu chembamba kama njiti ya kibiriti kinachozunguka kwa kasi mpaka hukioni. Unachora kwenye kompyuta, kisu kinafuata mchoro. Aliiweka chumba cha nyuma, kilichokuwa stoo ya Baba. Mama akaipa jina siku hiyo hiyo: Mkwe. "Mkwe wangu leo kaamka vibaya," husema ikianza kelele. "Lakini angalau huyu hanijibu."

Wenzake wenye mashine za namna hiyo huchonga majina ya watu na kuishia hapo. Tona alipenda kuingiza mti ndani ya mti. Unachimba kwenye ubao mweusi kishimo chenye umbo la jani, kina chake milimita tatu. Kisha unakata jani lenyewe kutoka kwenye mti mweupe, unalipaka gundi, unaligonga taratibu mpaka liingie. Gundi ikikauka unapiga msasa hadi kidole kikipita juu kisijue kimevuka kutoka mti huu kwenda ule. Kwa kusimulia ni rahisi. Jani likizidi kishimo kwa unene wa karatasi, haliingii. Likipungua kwa unene huo huo, gundi inachungulia pembeni na kazi ni ya kutupa. Na kwa kuwa kisu ni cha mviringo, kila kona ya ndani inatoka imeviringika, kwa hiyo kona ya mwisho lazima uifungue kwa mkono, kwa patasi, miwani kwenye ncha ya pua na pumzi umeishika. Alitengeneza sinia, vifuniko vya masanduku, nyuso za saa za ukutani. Watu wakaanza kuagiza.

Kisu kikipenya kazi mpaka chini kinahitaji mahali pa kuishia, kwa hiyo juu ya meza ya mashine hufungwa ubao mwingine, wa kuumia badala ya meza. Tona aliuita kafara. Wa kwake aliuokota humo humo stoo: mpana, mnene, mkavu, umenyooka kuliko mbao zote za dukani, upande mmoja umebandikwa magazeti ya zamani. Aliulaza magazeti yakiwa chini, akaukaza kwa skrubu kumi na mbili. Kila alichokata tangu hapo alikikatia juu ya ubao huo.

Na juu ya mashine, kwenye msumari, vinaning'inia viatu vya mpira vya Baba. Baba alikuwa mtunza stoo kwenye karakana ya samani, na enzi zake beki wa kulia wa timu ya karakana, beki ambaye kwa maelezo yake mwenyewe hakuna winga aliyewahi kumpita akiwa na mpira na miguu yote miwili. Viatu hivyo tulikua navyo. Ilikuwa ukisema njumu ndani ya nyumba yetu umesema viatu vya Baba, basi.

Baba alikufa mwaka mmoja kabla ya mashine. Mapafu ndiyo yaliyomshinda. Tulikuwa tunapokezana kukaa naye wodini, na siku ile, saa nane mchana, alikuwapo Tona. Baba alikuwa hajasema neno kwa siku mbili. Ghafla akafumbua macho, akamshika Tona kifundo cha mkono, akasema, "Njumu yangu. Usiiache." Akarudia: "Usiiache." Tulielewa viatu. Tona akamwomba nesi amwangalizie mzee, akakodi pikipiki mpaka nyumbani, akavitungua viatu stoo, akarudi amevikumbatia kifuani. Aliondoka kwa dakika hamsini. Alipofika, shuka lilikuwa limeshavutwa hadi juu. Nesi, kwa wema na bila kujua anampiga wapi, akamwambia mzee aliuliza mara mbili: "Ameifuata?"

Msibani nilimpigia kelele mbele ya watu. Nilisema, ulimwachaje Baba akafa peke yake kwa ajili ya viatu? Shangazi zangu walinivuta kanga, sikunyamaza. Tona alisubiri nimalize.

Tangu hapo hakuwa mtu mzima. Nasema hivi nikijua maana yake. Alikula, alifanya kazi, alitania, lakini sehemu yake moja ilibaki kwenye zile dakika hamsini. Mashine ikifika kwenye kona hupunguza mwendo, inavuta, inaachia, inavuta tena. Alisema ndivyo Baba alivyopumua siku mbili za mwisho. Ikianza hivyo anaizima, anasimama dirishani, kisha anaiwasha. Niliwahi kumkuta anaongea na viatu. Ilikuwa mchana kweupe, jua limejaa chumbani, vumbi la mbao linaelea. "Si nimevileta?" alikuwa anaviambia. "Si hivi hapa?" Nilirudi nyuma kimyakimya nikaenda kukaa na Mama. Nilijua anataka kitu kimoja tu duniani: kuhakikishiwa kwamba alichokiendea ndicho Baba alichokitaka. Kama ndicho, basi kuondoka kwake kulikuwa na sababu. Kama sicho, alimwacha bure.

Mwaka jana, Jumamosi moja asubuhi, nilikuwa nimekaa kwenye kona ya stoo nasahihisha insha wakati Fundi Randa alipokuja. Huyu ni seremala mzee wa mtaa wa tatu, masikio yamemwondoka, anaongea kama yuko ng'ambo ya mto. Alikuwa ametengeneza sanduku na kumpa Tona kazi ya kifuniko. Akakibeba kifuniko hadi mlangoni kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba juu ya majani.

"Ala! Hii mashine imefanya hii?"

"Mashine na patasi, mzee."

"Na nini?"

"Patasi!"

"Basi umeiva, kijana wangu. Njumu safi hii. Sijaona njumu ya namna hii tangu niache kuajiriwa."

Tona akainua macho kwenye msumari. "Zile ni za marehemu baba, mzee. Haziuzwi."

"Nini haziuzwi?"

"Viatu."

"Nani kakuuliza habari za viatu?" Fundi Randa akakigonga kifuniko kwa kidole. "Njumu nasema! Hii hapa! Kutia mti ndani ya mti, au mfupa, au fedha, hiyo ndiyo njumu. Sisi kwenye karakana hatukuwa na jina lingine. Hao wa mpira na meno yao wamekuja wakalichukua jina, sasa mwenyewe ukilitaja unaonekana mshabiki."

Tona akakaa chini. Hakutafuta kiti, alikaa sakafuni kwenye vumbi.

"Ikiwa moja inaitwaje?" akauliza. Ilibidi arudie kwa sauti.

"Moja ni njumu! Njumu yangu, njumu yako, njumu yake. Si una dada mwalimu hapo? Muulize."

Wakanigeukia wote wawili. Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi mwangu. Nikasema ni kweli. Nikasema hata kwenye kamusi iko, ni maana ya kwanza, viatu ni ya pili. Niliyasema kwa sauti ile ya darasani, kavu, maana sikuwa na nyingine karibu.

"Alisema yangu," Tona akasema. "Usiiache. Hakusema usiziache."

Fundi Randa akauliza kulikoni. Tona akabaki pale pale vumbini, mzee akachukua kifuniko chake akaondoka akilalamika kwamba vijana wa siku hizi ukiwasifu wanaugua.

Juma zima lililofuata Tona aliipekua nyumba. Alitoa kabati ukutani, akafunua magodoro, akapanda darini akashuka na utando kichwani. Mama akamfuata chumba kwa chumba.

"Unatafuta nini, mwanangu?"

"Baba alikuwa anafanya nini stoo baada ya kustaafu?"

"Alikuwa anapanga stoo."

"Miaka sita, Mama?"

"Baba yako alikuwa hapendi kufanya kitu kwa haraka."

Hiyo ndiyo aibu yetu. Miaka sita mzee anajifungia chumba cha nyuma mchana kutwa, na hakuna kati yetu aliyewahi kusukuma mlango akauliza. Tulifurahi kwamba hatusumbui. Mimi nilikuwa nikipita na kusema "Shikamoo Baba" kupitia mlangoni, naye anaitikia kutoka ndani, nakwenda zangu.

Siku ya nane Tona alimpigia simu Fundi Randa. Nilikuwapo, nilisikia pande zote mbili, hata jirani alisikia. Alimuuliza njumu ambayo haijaisha huhifadhiwaje.

"Unaibandika karatasi juu! Vipande visihame! Gazeti lolote na uji wa unga!"

Tona akashusha simu bila kuaga. Hakukimbia. Alikwenda akasimama mlangoni mwa stoo, akaitazama mashine, kisha chini ya mashine. Nikaelewa muda huo huo, na nikatamani nisingeelewa.

Alifungua skrubu moja moja. Zilikuwa kumi na mbili, na kila moja ililia ilipotoka. Tuliugeuza ubao wote wawili, mzito, tukaulaza juu ya blanketi sakafuni. Upande wa juu, wa kafara, ulikuwa umechanjwa wote, mistari juu ya mistari, miaka miwili ya sinia na saa za watu. Upande wa chini magazeti. Tona akaleta maji ya uvuguvugu na kitambaa, akaanza kuloweka na kubandua. Ilichukua mchana mzima. Kwanza likatoka jani. Kisha mlolongo mzima wa majani, unazunguka ubao pembe zote nne, mti mwekundu ndani ya mweusi, kila kona ya ndani kali kama imekatwa kwa wembe, maana Baba hakuwa na kisu cha mviringo. Kila penye skrubu pana tundu katikati ya majani. Tona aligusa kila tundu kwa kidole. Hakulia. Afadhali angelia.

Katikati kulikuwa na tawi, na kwenye tawi ndege wanne wamekaa upande kwa upande. Weupe wao ulikuwa unameta, si mti ule. Mama aliyekuwa amesimama mlangoni akaja, akapiga magoti kwa shida, akainamisha uso mpaka pua inakaribia kugusa.

"Hivi ni vifungo vyangu," akasema.

Ilikuwa kweli. Kwa miaka vifungo vilikuwa vinapotea nyumbani kwetu, vile vya zamani vya chaza, vyenye kung'aa. Tuliwasingizia panya. Tulimsingizia dobi, akaacha kuja. Mimi mwenyewe, nikiwa mtoto, nilichapwa kwa gauni moja la kijani. Baba alikuwa akivinyofoa na kuvificha tangu wakati huo, kisha alipostaafu akavisugua vikawa bapa, akavikata vikawa manyoya ya ndege.

"Gauni la kijani ndilo hili hapa," Mama akasema. "Shingoni kwa huyu wa pili."

Ndege watatu walikuwa wamekamilika. Wa nne alikuwa kishimo kitupu, kimechimbwa vizuri, kinasubiri. Na kifuani mwake kulikuwa na donge la gundi na unga wa mbao. Tona alilitambua kabla yetu. Mwaka wa kwanza wa mashine, alipokuwa akikata sinia, kisu kilizama kwenye kafara kuliko alivyotarajia, kikapenya hadi mezani. Aliziba, akaendelea. Hakujiuliza kwa nini ubao mnene namna ile uwe mwembamba mahali pamoja.

"Huyu wa nne ni mimi," nikasema, kusema tu kitu. "Si ndiye wa mwisho kuzaliwa."

"Ni mimi," akasema Tona.

"Si yeyote kati yenu," akasema Mama. "Ni yeye mwenyewe. Lini mlimwona baba yenu akijipakulia kabla yetu?"

Mashine ilinyamaza majuma mawili. Ukimya ule ulikuwa mbaya kuliko kelele. Mama alisema anaamka anasubiri Mkwe aanze, haanzi, na nyumba inakuwa kubwa. Tona hakwenda kazini. Ofisi tatu zilinipigia simu mimi kuuliza fotokopi zao. Alikaa sakafuni na ule ubao, na Mama alipomletea chai alimwambia, bila kuinua kichwa, "Nilimwacha nikafuate viatu. Halafu nikamtoboa kifua."

"Hukujua, mwanangu."

"Alisema yangu, Mama. Nilisikia yangu."

Kisha akainuka siku moja, akanunua ubao mpya wa kafara, na kazi ya kwanza aliyoikata ni kile kibao cha NJUMU. Nilipomuuliza cha nini, alisema neno likitajwa nyumba nyingine, angependa wawe wanajua maana zote mbili. Maagizo yakarudi, kelele zikarudi, Mama akaanza tena kumlalamikia Mkwe. Ila ndege wa nne mashine hairuhusiwi kumgusa. Ingemkata kwa dakika kumi. Tona anamkata kwa patasi na kijimsumeno, kutoka kwenye vifungo alivyopewa na Mama, na kila anayemkata anamwona ana kosa. Wamefika kumi na mmoja, wako kwenye kisanduku cha viberiti. Mimi nikiwaangalia sioni kosa.

Sasa lazima niseme nilichokiruka. Nimekiruka msibani, nimekiruka siku ya Fundi Randa, na humu nimekiruka nikitumaini hutaona.

Siku ile wodini, kabla ya kuondoka, Tona alinipigia simu. Nilikuwa chumba cha walimu, na zamu ya mchana ilikuwa yangu. Nilipaswa kuwa nimeshafika saa saba. Alisema, "Baba kazungumza. Anasema njumu yangu usiiache. Njumu yake gani?" Nilicheka. Nilisema, "Njumu zangu, kaka. Zangu. Ziko mbili. Si viatu vyake vya mpira hivyo, nenda kavichukue."

Akasema, "Lakini kasema yangu."

Nikasema, "Mgonjwa huyo, unataka afuate sarufi? Nenda haraka."

Akauliza, "Unakuja lakini?"

Nikasema nikimaliza hizi. Zilikuwa zimebaki insha kumi na moja. Kamusi ilikuwa mezani, kushoto kwangu, nimewekea kikombe juu.

Nilimsahihisha baba yangu akiwa kwenye pumzi za mwisho, na Baba ndiye aliyekuwa amepata.

Nilimwendea Tona mwezi uliopita, Jumapili mchana. Alikuwa dirishani ameshika kipande cha kifungo kwa koleo dogo, anakisugua. Mama alikuwa ukumbini. Nikafunga mlango.

"Kaka, siku ile ulinipigia simu."

"Nakumbuka."

"Uliniambia yangu. Mimi ndiye niliyesema zangu."

Akapuliza vumbi, akakiinua kipande kwenye mwanga. "Nakumbuka," akasema tena.

"Na ile zamu ilikuwa yangu."

"Eh."

"Miaka yote hii unakumbuka? Ukaniacha nikakupigia kelele mbele ya ukoo mzima?"

"Ulikuwa unalia," akasema. "Ungesema nini?"

Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nilikuwa nimeyangoja njia nzima. Nikamwambia siwezi tena, nakwenda kumwambia Mama sasa hivi, ajue nani alimtuma nani, asiendelee kumwangalia yeye kwa jicho lile la huruma lenye lawama ndani. Nikashika kitasa.

Akasimama. Koleo likaanguka. Sijawahi kumwona kaka yangu amekasirika, na sikuujua uso ule.

"Usithubutu."

"Kwa nini?"

"Mama amebakiwa na mtoto mmoja ambaye hakumkosea Baba. Kila siku ananiambia, mdogo wako angekuwapo asingeondoka. Ndilo linalomlaza. Ukimwambia utapumua wewe. Yeye atabaki na nani?"

"Na wewe je?"

"Mimi ameshanizoea."

Nilibaki nimeshika kitasa. Mama alikuwa amesikia koleo likianguka na sauti zimepanda. Akaita kutoka ukumbini, "Nyinyi! Mnagombania nini humo?"

Kaka alinitazama.

"Sarufi, Mama," nikasema.

Nikamsikia akicheka peke yake, kile kicheko chake cha kukohoa. "Mwache kaka yako na sarufi zako," akasema. "Kutwa kumsahihisha mwenzio. Kwani wewe hujawahi kukosea?"

Tona hakuniondolea macho.

"Hapana, Mama," nikajibu. "Sijawahi."